Jibu: Land Rover Series III ya marehemu baba, nianze na rangi au injini?

Pole na msiba, ndugu. Unauliza uanze wapi kulifufua gari la baba ulilosema limesimama miaka minane: rangi iwe ya mwisho na injini isubiri. Anza na chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima.

Bodi ni ya alumini, kwa hiyo kwa nje gari linaweza kung'aa huku chini limeliwa na kutu. Lala chini na nyundo ndogo, ugonge kuanzia boriti ya nyuma hadi mikono inayobeba bodi. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya bubu na kumwaga maganda. Uozo huanzia ndani, maana tope hukwama humo na unyevu haukauki. Kata mpaka ufikie chuma safi, kisha chomelea bamba la milimita 2. Kubandika kiraka juu ya kutu ni kupoteza fedha. Kabla ya kuchomelea shusha tenki la petroli na uchomoe waya za betri na oltaneta.

Ukiona unga mweupe pale alumini inapogusana na chuma, weka kipande cha mpira katikati, hasa kama unaishi pwani.

Injini usiipige stata. Toa plagi, tia kijiko kimoja cha oili kila silinda, iache usiku kucha, halafu izungushe kwa mkono, kwa hendeli ya mbele. Ikizunguka laini, pima nafasi ya vali: milimita 0.25, zote, kama ni injini ya silinda nne ya lita 2.25. Mipira ya breki badilisha yote, hata inayoonekana mizima.