Kikombe cha kahawa kilichotugombanisha

Swali lenu la wiki hii ni kwamba makundi ya mtandaoni ya watu wanaopenda burudani moja yawekewe sheria na msimamizi, au watu wazima waachwe waongee wanavyotaka. Mi najibu kama admini wa grupu la WhatsApp la wacheza bao, tuko mia mbili na ushee, na uadmini wenyewe sikuugombea, nilikabidhiwa 2021 na bwana mmoja aliyeniambia nimshikie wiki mbili ana safari, mpaka leo hajarudi kulichukua na nikimpigia anacheka tu.

Jibu langu fupi ni kwamba msimamizi lazima awepo. Ila kabla sijafika huko niwahadithie kisa cha kikombe maana bila hicho mtaona naongea nadharia.

Kwa asiyejua, bao ninalosema ni bao la Kiswahili, lile la mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji anaanza na kete kumi ubaoni, sita zikiwa kwenye nyumba, lile shimo maalumu la mstari wa mbele, na 22 mkononi anazinamua, yaani anaziingiza ubaoni, moja moja. Mchezo wenyewe una sheria nyingi na humo humo kuna moja inaitwa kutakasia ambayo nawaambia ukweli imevunja urafiki wa watu wengi kuliko pesa za kukopeshana. Kwa kifupi ni kwamba ukitakata, yaani ukicheza zamu bila kula kete za mwenzio, ukamwacha ana shimo moja tu la mbele ambalo utalila zamu yako ikifika, na yeye hana cha kula, basi hilo shimo limetakasiwa, haruhusiwi kutakata kwa kuanzia hapo. Lakini nyumba haitakasiwi, na kuna misamaha mingine, na muhimu kuliko yote ni hilo neno MOJA, yakiwa mashimo mawili yote yanalika basi hakuna kutakasia hapo, mtu anacheza anavyotaka.

Sasa siku hiyo, saa nne usiku hivi, kijana mmoja katupia picha ya bao kapiga akiwa barazani kwao, kauliza "hapa nimetakasiwa au sijatakasiwa?" Bao zuri la mninga, kete za komwe zimeng'aa, taa ya njano, na pembeni kikombe cha kahawa. Basi grupu likawaka. Ndani ya nusu saa meseji hamsini, huyu anasema limetakasiwa wazi kabisa, yule anasema we bao umejifunzia wapi, mwingine anatuma voisi ya dakika nne anaanza na historia ya marehemu babu yake, na tunaye fundi mmoja, fundi wa kweli sio wa kujiita, mtu anakufunga mkononi yaani kete zako bado unazo kiganjani na mbele kumekwisha, huyo akaja na neno moja tu, "Limetakasiwa. Lala." Kwa kawaida akishasema yeye watu wananyamaza.

Ndipo akaingia mtu ambaye hajawahi kuandika hata siku moja. Yuko Muscat, ni wa asili ya Unguja, aliingizwa na shemeji yake, miezi minane yumo kimya. Akaandika, nainukuu maana skrinishoti ninayo, "Samahanini wakubwa, hicho kikombe kimefunika mashimo mangapi?"

Mi nilikuwa kitandani nikaikuza ile picha kwa vidole. Wallahi. Kikombe kilikuwa kimekaa juu ya kona ya bao, kichwa na kimbi ya upande ule, yaani yale mashimo mawili ya mwisho, hazionekani kabisa. Kama humo kuna kete zinazolika basi mashimo yanakuwa zaidi ya moja na hakuna cha kutakasia, kama hamna basi fundi yuko sahihi, kwaiyo watu wazima tulikuwa tumetukanana nusu saa juu ya bao ambalo hakuna aliyeliona lote. Fundi mwenyewe hakuliona. Na badala ya kusema "eh kweli" akaandika: "We kacheze la kujifunza na watoto." Halafu zile stika za kucheka zikamwagika, kumi, kumi na tano, mpaka watu ambao nawajua hawajui hata nyumba iko shimo la ngapi na wao wanacheka.

Yule wa Muscat hakujibu. Asubuhi nimefungua simu nikaona kajitoa. Na hapa ndio nataka mnielewe vizuri, zamani WhatsApp mtu akilefti grupu zima linaona fulani katoka, tangu 2022 wamebadilisha, mtu anatoka kimya kimya wanaopata taarifa ni maadmini tu. Kwaiyo grupu zima liliamka likaendelea na habari zake, "asalaam aleikum wanabao", picha za jua linachomoza, na mi peke yangu najua kuwa mtu pekee aliyeangalia ile picha kwa makini ameondoka.

Nikarudi nyuma nikaanza kuhesabu. Kila fundi akimchamba mtu, ndani ya siku mbili tatu anapungua mmoja au wawili, na sio yule aliyechambwa tu, mara nyingi ni wale waliokuwa wanasoma pembeni. Wale wanaogombana wao hawaondoki kamwe! Wanaitana mbwa Jumatatu, Jumatano wanatumiana mialiko ya harusi. Sasa ukiacha "watu wazima wajiongoze" kama baadhi yenu mnavyosema, utabaki na wale kumi na mbili wenye ngozi ya kiboko, halafu mtasema mbona watu hawachangii.

Kuna watu wataniambia lakini bao bila kejeli sio bao. Na wako sahihi, hapo siwabishii. Barazani pale kwetu Magomeni mtu akikuangalia unavyofikiria sana anakwambia "we vipi, unahesabu kete au unahesabu mahari", na we unacheka na anakusogezea kashata. Ila angalieni kinachofanya lile neno liwe tamu. Uso wake unauona. Wazee wamekaa hapo ubavuni, akizidisha kuna mtu atakohoa na kikohozi hicho kinatosha. Na zaidi ya hapo watani wanajuana, Mzaramo anajua ni kwa nini Mnyamwezi anaweza kumwambia maneno ambayo mwingine akiyasema ni ngumi, utani una mipaka yake na kila mtu amekua akiijua. Kwenye simu nani mtani wa nani? Huyu yuko Tandika, huyu yuko Mombasa, huyu Muscat, hujawahi hata kusikia sauti yake, unampa utani wa mtu uliyekula naye pilau miaka ishirini, yeye anaupokea kama tusi kwa sababu kwake NI tusi.

Basi nikafanya makosa yangu ya kwanza. Nilikasirika nikafunga grupu, si kuna ile setingi iliyokuja 2018 ya maadmini peke yao kuandika, nikaiweka siku tatu nikasema watu wapoe. Ilikuwa kama msiba. Watu wakaja inboksi mmoja mmoja "admini kuna nini, nani kafariki?" Na nilipofungua hakuna aliyeongea mpaka siku ya tano, ikabidi mi mwenyewe nitupie picha nianze kujibishana nayo. Kosa la pili niliandika sheria. Kumi na nne! Namba moja usitukane, namba mbili usiposti siasa, namba sita matangazo ya dawa za nguvu za kiume marufuku, nikazipini pale juu. Hakuna aliyezisoma, najua kwa sababu namba tisa nilikosea nikairudia namba tatu neno kwa neno na mpaka leo hajatokea mtu wa kunisahihisha.

Mmoja akapendekeza tuwatishe watu na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwamba humo kumbughudhi mtu mtandaoni ni kosa. Nikamwambia kaka, sisi tunacheza komwe.

Kilichofanya kazi kilikuwa kidogo na kilinigharimu jasho. Nilimfuata fundi inboksi. Nikaanza kama inavyotakiwa, "Shikamoo mzee wangu", akaitika marahaba, nikamuuliza hali, nikamuuliza mguu, halafu nikamtumia ile picha nimezungushia duara jekundu kwenye kikombe. Sikuandika neno lingine. Alikaa kama dakika ishirini naona tu "anaandika" inakuja inapotea, inakuja inapotea. Mwisho akajibu "Sasa we unataka nini?" Nikamwambia nataka umwambie yule bwana neno, hata la nusu mstari. Akagoma. Akasema yeye bao kalianza kabla mi sijazaliwa na hawezi kumwomba radhi mtu anayejifichaficha Uarabuni.

Nikamtoa. WhatsApp haina kadi ya njano wala bani ya muda, unamtoa mtu kisha unamrudisha mwenyewe ukiona vema, kwaiyo nikamwambia kabla, mzee nakutoa wiki moja na Ijumaa ijayo nakurudisha, na grupu nitaliambia nimekutoa mimi na sababu ni ipi, sitakuacha watu wakuzushie. Hiyo siku nilizima simu. Nilivyoiwasha nina simu kumi na moja ambazo sikuzipokea, nne za watu wa ukoo wangu maana mke wa fundi ni jirani wa mama mdogo. Mpwa wangu anayesomea kompyuta akanitia moyo, akanipa kisa cha Linus Torvalds, yule Mfini aliyeanzisha Linux 1991 na wakati anaitangaza mwenyewe alisema ni ya kujifurahisha tu, kwamba 2018 aliomba radhi hadharani kwa maneno makali aliyokuwa anawaandikia wenzie miaka yote, akakaa kando kwa muda. Nikamwambia sawa, ila huyo Linus mkewe sio jirani wa mama mdogo.

Niwe mkweli, wiki ile grupu lilipoa vibaya. Watu watano ambao sijawahi kuona majina yao walitupia maswali, nilifurahi kweli, lakini majibu yalikuwa dhaifu, mtu anauliza kuhusu kuisafirisha nyumba, yaani kuzichukua kete zake zote na kuzitembeza ubaoni, anajibiwa "inategemea". Nyumba kwenda safari sio "inategemea", ni hesabu, na fundi angeimaliza kwa mistari miwili. Ndio maana siwakubali wale wanaosema mtoe mkorofi mambo yatanyooka. Ukimtoa unaondoa na elimu yake, na elimu ya bao haiko sehemu nyingi, iko kwenye vichwa vya wazee wachache na wengi wao ni wakali hivyo hivyo. Kwaiyo mi sikumtoa ili aondoke, nilimtoa ili arudi.

Alirudi Ijumaa. Hakuomba radhi kwa mtu. Ila Jumapili mtu alipotupia picha yeye alikuwa wa kwanza kujibu: "Onesha mashimo yote 32 kwanza." Watu wakaichukua, saivi ndio sheria pekee inayofuatwa na haijapiniwa popote, ukituma picha nusu unaambiwa "toa kikombe", hata kama hakuna kikombe. Zile kumi na nne nimezifuta.

Na mi kazi yangu saivi ni nyepesi, naangalia ile taarifa ya wanaotoka. Mtu akilefti simwachi hivi hivi, namfuata inboksi namsalimia namuuliza kulikoni, wengi wanasema bando tu au grupu zimekuwa nyingi, lakini kuna mmoja katika kumi anakwambia kweli na huyo ndiye ananionesha nani wa kumfuata. Inachosha. Mke wangu anasema natembelea wagonjwa.

Yule wa Muscat nilimfuata pia. Alinijibu kwa heshima sana, akasema hana kinyongo ila harudi, yeye kaingia kule kutafuta harufu ya nyumbani sio kutafuta kuchekwa. Sikumlazimisha. Tukawa tunacheza wenyewe kwa wenyewe inboksi, ananiandikia hatua naweka kete kwenye bao langu, na jamaa ni hatari, kanifunga mara saba. Halafu akaanza kunitumia mafumbo anayotunga, kapanga bao lake juu ya mkeka, mashimo yote yanaonekana, anauliza anayenamua hapa anashindaje. Nikamwomba ruhusa niyapeleke grupuni bila jina, akakubali.

Kila Alhamisi natupia moja. Fundi ndiye wa kwanza kulirukia, na lile la mwezi uliopita lilimkalia siku mbili, akaja na voisi anacheka peke yake, anasema huyu aliyetunga hili amekaa na wazee. Juzi kanifuata inboksi kuniuliza ni nani huyo, mbona hajitokezi watu wamsalimie.

Nikamwambia nyumba yake imekwenda safari.