Unataka kufuga kakao ndani ya nyumba huku Ulaya? Soma hii kwanza

Kila mgeni anayeingia kwangu hapa Hamburg akiuona ule mti pembeni ya kochi anauliza swali lilelile, baridi yote hii unaishije? Jibu langu ni kwamba baridi ya nje haiuhusu, mti unakaa ndani na sisi na ndani ni digrii 21 mwaka mzima. Kinachoua kakao huku ni ukavu wa hewa. Mtu ananunua mche, anaogopa baridi, anaubandika juu ya hita pale dirishani ili "uote moto", baada ya muda ncha za majani zinakuwa kahawia, zinakauka, jani linadondoka, linafuata jingine, mwisho anasema aah mti wa Afrika hauwezi Ulaya. Kwanza si wa Afrika, asili yake ni misitu ya Amazon huko Amerika ya Kusini, sisi wenyewe tumeletewa tu.

Mimi kwetu Kyela, mkoani Mbeya, Tanzania, na huko kakao ipo chini ya migomba na miti mingine mirefu. Nje jua linachoma lakini ukiingia humo shambani kuna kivuli na unyevu mpaka shati linaganda mgongoni. Sasa hiyo ndiyo hali unayotakiwa kuigiza sebuleni. Joto la 18 mpaka 30 na kitu, chini ya 15 mti unadumaa, chini ya 10 unaumia kabisa, na unyevu wa hewa asilimia 60 kwenda juu. Sebule ya Kijerumani mwezi wa kwanza hita zikiwa zinawaka, unyevu unaweza kushuka mpaka 30. Kwa hiyo kabla hujanunua mti nunua kipima unyevu, kile kidogo cha bei rahisi, ukiweke pale unapotaka kuuweka mti uone chumba chako kikoje.

Kuhusu kupulizia majani maji na chupa ya spreya, watu wanaipenda sana hiyo ila ukiniuliza mimi ni kujifurahisha tu, baada ya dakika chache maji yashakauka na hewa imerudi palepale. Bora mashine ndogo ya kutoa mvuke. Mche ukiwa bado mdogo hata mfuko wa nailoni unaopitisha mwanga unatosha, uufunike kama hema halafu kila siku unaufungua kidogo upumue. Ila usijaze mvuke chumba kizima, ukungu ukiota ukutani utagombana na mwenye nyumba bure, uweke mti mbali na ukuta wa nje na unyevu ukifika 60 ridhika.

Halafu kuna hii desturi ya Wajerumani ya kufungua madirisha yote asubuhi dakika tano hadi kumi hata kama nje kuna barafu. Ni nzuri kwa nyumba, sipingi, lakini kwa kakao ni adhabu. Hewa ya digrii sifuri ikiyapiga yale majani machanga yanakuwa meusi na hayarudi tena. Ama uhamishie chungu chumba kingine kwanza, ama uchague kona ambayo upepo wa dirisha haufiki. Na usiweke chungu kwenye sakafu ya vigae wala kwenye kizingiti cha dirisha, mana juu unaweza kusoma 21 kumbe udongo wenyewe ni wa baridi na mizizi imelala. Weka juu ya kistuli cha mbao.

Mwanga nao. Desemba hapa jua linachomoza saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi jioni lishazama, na hilo jua lenyewe mara nyingi hulioni. Kakao ni mti wa kivuli kweli lakini kivuli cha Kyela kina mwanga kuliko dirisha la Hamburg mwezi huo, kwa hiyo taa ya LED ya mimea iwashe kwa masaa 12 kila siku, iwekee taima usahau. Kiangazi kinyume chake, dirisha la kusini linaunguza majani ya mche mchanga, weka pazia jepesi.

Kuhusu mbegu, nisikilizeni vizuri, zile punje kavu za dukani hazioti, hata ukizisomea dua. Mbegu ya kakao ikikauka imekufa na ukiiweka kwenye friji pia imekufa, inatakiwa itoke kwenye tunda bichi iingie udongoni ndani ya siku chache. Na usiseme nitabeba tunda kwenye begi nikitoka likizo, tangu Desemba 2019 karibu kila tunda bichi linaloingia Umoja wa Ulaya lazima liwe na cheti cha afya ya mimea, yaliyosamehewa ni machache tu kama nanasi, nazi na ndizi. Nunua mche kwa wauza mimea, au tafuta tunda kwa wauzaji wa matunda ya kitropiki.

Ukilipata, lipasue, ndani mbegu zimejipanga zimezungukwa na ute mweupe mtamu wenye uchachu kidogo. Nyonya ute, ndio raha yenyewe hiyo, halafu sugua mbegu na majivu au maranda mpaka utelezi wote uishe, ukibaki unavuta ukungu. Laza mbegu ubavu, udongo juu yake kidogo tu, weka sehemu ya joto la 25 hivi. Ndani ya wiki moja mbili inaanza kuota, shina linanyanyuka na mbegu yenyewe juu kichwani, ukiiona imeganda hapo juu usiisaidie kuifungua, itapasuka yenyewe. Mzizi wake mkuu unashuka moja kwa moja chini kwa hiyo tafuta chungu kirefu chenye matundu, udongo uchanganye na mboji na makumbi ya nazi, maji ya mvua yakipatikana ndiyo mazuri kuliko ya bomba yenye chokaa.

Kuna siku utaamka utakuta majani mapya mekundu-mekundu, laini, yananing'inia utadhani yamenyauka. Usikimbilie maji wala mbolea! Kakao ndivyo inavyotoa majani, baada ya siku kadhaa yanakaza na kuwa kijani. Cha kuogopa ni utitiri, wanapenda sana hewa kavu, geuza jani uangalie chini, ukiona vidoti na utando mwembamba peleka mti bafuni uoge maji ya uvuguvugu.

Sasa chokoleti. Mjomba wangu Kyela akipiga simu anacheka, "mpwa wangu, huku watu wanauza kokoa kwa magunia, wewe unafuga mti mmoja kwenye ndoo?" Ana haki. Maua yanakuja baada ya miaka mitatu au zaidi, madogo, yanatokea kwenye shina lenyewe, na huku hakuna wale vijidudu wanaoyachavusha. Unafanya mwenyewe asubuhi kwa brashi nyembamba au kibanio, unachukua chavua ya ua moja unapaka jingine, ua lisilochavushwa kesho yake liko chini. Na miti mingi ya kakao haikubali chavua yake yenyewe, kwa hiyo kama kweli una hamu ya tunda anza na miche miwili ya mbegu tofauti. Likishika subiri tena miezi mitano sita, upate punje 30 au 40, chokoleti ya kuonja wewe na jirani. Mimi naufuga kwa ajili ya majani.

Kiangazi usiku usiposhuka chini ya 15 unaweza kuutoa balkoni, kivulini, pasipo upepo, ila mwezi wa tisa ukianza urudishe ndani mapema kabla hita hazijawashwa, uzoee.