Bunduki ya kwanza ya upepo: nichukue ile yenye nguvu?

Swali

Salamu mwalimu. Niko Kasarani, miaka 31, sijawahi shika bunduki maishani labda zile za maji za Krisimasi. Binamu yangu anaishi Uingereza na huwa ananitumia video akipiga sungura na njiwa na bunduki ya upepo, sasa na mimi nimeshikwa na hiyo kitu. Nataka yangu ya kwanza, niwe nalenga shabaha wikendi na nikienda kwa mzee Kajiado niangushe kanga mmoja mmoja. Kuna moja nimeonyeshwa, ya springi, kaliba 5.5 (yaani inarusha kitu cha upana wa milimita 5.5), kwa boksi imeandikwa futi 1,000 kwa sekunde. Muuzaji anasema ile ndogo ya 4.5 ni ya watoto, na ati hizi hazitaki leseni ju hazitumii baruti. Anataka deposit Ijumaa. Nichukue?

Jibu

Usilipe, bosi wangu. Hiyo deposit kaa nayo mfukoni kwanza umalize kusoma, ju huyo muuzaji amekupa maneno mawili na yote mawili hayasimami, na mimi naanza na lile linaloweza kukulaza seli.

Hii stori ya baruti naisikia kila mwezi. Sheria ya silaha ya Kenya, Sura ya 114, ikieleza bunduki ni nini inaanza na chombo chochote chenye mtutu kinachoweza kuua, kinachorusha risasi au kitu kingine. Haijauliza kinasukumwa na baruti ama upepo. Kwa hivyo ichukulie ni silaha kuanzia siku ya kwanza, uende kwa Firearms Licensing Board na karatasi zako kabla hujanunua wala kuagiza kutoka nje, na uulize peleti pia, vile vipande vidogo inavyorusha, ukiwa huko, usije ukapata bunduki imekubaliwa na mzigo wa peleti umekwama airport. Binamu yako hajakudanganya, yeye yuko kwenye sheria nyingine. England na Wales bunduki ya upepo yenye nguvu ya chini ya futi-pauni 12, kama jouli 16 hivi, haihitaji cheti. Ila akivuka tu kuingia Scotland inahitaji, tangu 31 Desemba 2016. Sasa kama ndani ya kisiwa kimoja mambo yanabadilika hivyo, video ya huko haiwezi kuwa leseni yako ya Kasarani.

Na kanga, pole lakini hapo siwezi zunguka. Uwindaji hapa ulifungwa 1977. Wazee watakuambia kwamba hata baada ya hapo watu walikuwa wakipiga ndege kwa leseni, na ni kweli, lakini hiyo ni hadithi ya zamani, sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema hata kuwinda kitoweo cha nyumbani ni kosa. Shamba kuwa la mzee haisaidii, kanga wa porini si wa mwenye shamba. Unakumbuka ule wazimu wa kufuga kware wa miaka ya 2013 na 2014, watu walikuwa wanatafuta leseni KWS, shirika la wanyamapori, hata ya kufuga tu, sembuse kupiga. Ukitaka nyama ya kanga nunua kwa mfugaji mwenye kibali.

Kwa hivyo tunabaki na shabaha, na hapo ndio swali lako linakuwa tamu, maana sasa hatuchagui bunduki ya kuua kitu, tunachagua bunduki ya kutoboa karatasi mahali unapotaka wewe. Hizo ni bunduki mbili tofauti kabisa.

Wacha nikueleze ndani ya hiyo ya springi kunaendelea nini. Kuna pistoni na springi nzito nyuma yake. Ukikunja mtutu unaivuta pistoni nyuma hadi triga inaishika, ka! Ukifyatua pistoni inaruka mbele, inakandamiza hewa iliyo kwa silinda, na hiyo hewa ndio inasukuma peleti. Sasa angalia. Pistoni ikienda mbele bunduki inakurudi begani, alafu pistoni ikifika mwisho bunduki inavutwa mbele tena, na hayo yote mawili yanaanza peleti bado iko ndani ya mtutu. Yaani bunduki inacheza densi kabla peleti haijatoka nyumbani. Springi ikiwa ndogo densi ni ndogo, unaweza kuizoea. Springi ikiwa ya futi 1,000 hiyo si densi tena, na mtu ambaye hajawahi shika bunduki hawezi kujua kama peleti imeenda kando ju yeye amekosea ama ju bunduki imeruka. Atamaliza mikebe mitatu ya peleti na hajajifunza kitu.

Mimi nalijua hili kwa uchungu. Yangu ya kwanza ilikuwa hivyo hivyo, kubwa, nzito, ya kutisha, nilinunua na skopu juu, ile darubini ya kulengea, kwa duka ambalo sitalitaja, wakaniambia skopu ni skopu. Siku ya kwanza nikapiga peleti kama sitini hivi nikaanza kuona vitundu vinatembea kwa karatasi kwenda kulia. Narekebisha, vinatembea. Narekebisha, vinatembea. Kumbe ule msalaba ndani ya skopu umeng'oka unacheza, ju skopu nyingi zimetengenezwa kuvumilia teke la kwenda nyuma peke yake, ile ya springi inapiga teke nyuma na mbele. Kuna skopu za bunduki ya upepo haswa na ndizo unafaa kutafuta, ila ushauri wangu kwa anayeanza ni asinunue skopu kabisa miezi ya kwanza. Tumia nishani za chuma, zile alama za kulengea juu ya mtutu, zilizokuja nayo. Skopu inakuonyesha jinsi mkono unatetemeka kabla hujajua cha kufanya na huo mtetemeko, unaanza kukimbiza nukta, unavuta triga kwa hasira.

Na hiyo futi 1,000 ya boksi, jua mara nyingi wanapima na peleti nyepesi sana isiyo ya madini ya risasi. Weka peleti ya kawaida uone kama utaifikia.

Sasa 4.5 ni ya watoto. Bosi, bunduki ya upepo ya Olimpiki, mchezo ulioingia Los Angeles 1984, inapigwa na kaliba 4.5 pekee. Umbali mita 10. Karatasi yenyewe duara lote ni milimita 45.5, na ile alama ya kumi katikati ni nukta ya nusu milimita, ukiweka ncha ya kalamu umeifunika. Nguvu yake ni kama jouli 7.5, peleti inatoka na mita 175 hivi kwa sekunde, yaani polepole kuliko karibu kila bunduki utakayoonyeshwa dukani, na wanapiga mara sitini. Hao si watoto. Ile 5.5 ina kazi yake, binamu yako akipiga sungura mita 25 anataka peleti nzito inayoingia na uzito wake, sawa, huko kwao. Karatasi haihitaji kuuawa. Tena peleti ya 4.5 yenye kichwa bapa inakata tundu la mviringo safi kama umetumia mashine ya kutoboa faili, unaona mwenyewe umepiga wapi bila kubishana na mtu.

Kwa hivyo ukiniuliza ya kwanza iwe gani, nasema 4.5, ya springi, ndogo, mtutu wa kukunja, na triga nzuri. Mfano Weihrauch HW30S, ya Kijerumani, uzito kama kilo mbili na nusu, hata mtu mwembamba anaikunja siku nzima bila kuumwa bega, na triga yake ina hatua mbili: unavuta hatua ya kwanza, unahisi ukuta, unatulia, unapumua, alafu kidole kinamalizia. Huo ukuta ndio shule yenyewe. Diana 34 pia ni bunduki ya kuaminika ila ni nzito na ina teke zaidi, mtu mwenye subira anaiweza. Na kama kuna mzee anauza Feinwerkbau 300S kuukuu yenye karatasi halali, hiyo usiulize mara mbili, ni ya springi pia lakini mwili wake unateleza kwa reli kumeza teke, wewe begani husikii kitu. Ya zamani sana ila inapiga kuliko mimi na wewe.

Utasikia pia za mtungi, zile unajaza hewa ya presha ya bar 200 hivi na hazina teke. Ni tamu, nakubali, ila si ya kwanza, na sababu moja ni ya Nairobi haswa. Sisi tuko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ya hapa ina presha pungufu ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Sasa pampu ya mkono kila ukivuta inajaza hewa ya hapa, nyepesi, kwa hivyo kile mtu wa Nyali anamaliza kwa mipigo 80 wewe unaenda kama 100, na ile ya mwisho unapampu umening'inia na uzito wako wote, jasho kwa macho, alafu ukae chini ulenge? Mikono inatetemeka kama umebeba jiko la gesi hadi ghorofa ya sita. Kompresa yake ni doo nyingine. Na tafadhali sana, kuna kijana alishaniuliza kama anaweza kujazia kwa mtungi wa oksijeni wa fundi wa kuchomea kule jua kali. HAPANA. Oksijeni ya presha ikikutana na grisi kidogo tu ndani ya bunduki inalipuka, hiyo si bunduki tena ni bomu umekumbatia.

Za gesi ya kaboni dioksidi, vile vichupa vya gramu 12, ni za kufurahia mchana. Presha yake inafuata joto: nyuzi 20 iko kama bar 57, nyuzi 10 inashuka hadi 45. Asubuhi ya Julai Limuru na saa nane mchana ni bunduki mbili tofauti, peleti zinapanda na kushuka kwa karatasi na wewe hujagusa kitu. Ruka.

Ukishapata yako kihalali, mambo machache, na haya ndio wengi huharibu nayo. Ya springi haishikwi kwa nguvu. Weka kiganja wazi chini yake, ikalie hapo kama trei ya mayai, isishikwe na vidole, kitako kiguse bega tu, uiache iruke vile inataka, ju ikiruka vile vile kila mara peleti zitaingia mahali pamoja. Ukiibana leo, kesho uilegeze, vitundu vitahama. Ukiweka peleti mtutu ukiwa umekunjwa mkono mwingine ubaki umeushika huo mtutu, kabisa, hadi utoe kidole kwa tundu, kwa sababu triga ikiteleza mtutu unafunga kama mtego wa panya na umebeba springi nzima. Usifyatue bila peleti, pistoni inagonga chuma bila mto wa hewa na sili yake, ule mpira unaozuia hewa kuvuja, inakufa. Usiiache imekunjwa ukienda kunywa chai.

Peleti nunua aina tatu nne kidogo kidogo za kama nusu gramu, piga tano tano za kila aina kwa mita 10 ukiwa umeegemea kitu, ile itakayojaza vitundu vyote vitano chini ya sarafu ya shilingi kumi ndio ya bunduki yako. Ya jirani inaweza kuwa tofauti hata kama bunduki ni pacha. Zile gololi za chuma achana nazo, zinarudi usoni.

Mahali: si kwa balcony ya flati, si nyuma ya ploti. Peleti ikikosa karatasi inaweza kwenda mamia ya mita na Kasarani mita mia ni watu arobaini. Lipa mwalimu kwa reinji inayotambulika upige masomo manne matano na bunduki ya huko kwanza, pengine hata utagundua mchezo wenyewe hauupendi na umeokoa pesa. Nyuma ya karatasi kuwe na kitu cha kumeza peleti, boksi lililoshindiliwa magazeti ya zamani mbele ya gunia la mchanga linatosha, kamwe si bati wala ukuta wa mawe. Miwani kwa macho, wewe na anayekuangalia. Na peleti ni risasi kweli ile madini, nawa mikono na sabuni kabla hujashika chapati.

Ijumaa huyo muuzaji akipiga simu ya deposit, muombe akutumie picha ya leseni yake ya kuuza silaha, alafu uone kama atakupigia simu tena.