Maswali ya Wasomaji: Albert kwa katakana

SWALI: Ndugu Mhariri, naitwa Albert, nakaa Bujumbura, na Aprili natarajia kwenda kusoma Japani. Fomu zinataka jina langu kwa katakana, yaani herufi za Kijapani za kuandikia majina na maneno ya kigeni. Programu moja ya simu imenipa アルバート, nyingine アルベール. Nifuate ipi?

JIBU: Ndugu Albert, zote mbili ziko sawa, ila kila moja ina mtu wake. Katakana hufuata sauti, si tahajia. アルバート (Arubaato) ni Albert wa Kiingereza. アルベール (Arubeeru) ni wa Kifaransa, na ndivyo Wajapani wanavyomwandika Albert Camus, mwandishi wa Kifaransa. Wa Kijerumani ni アルベルト, Aruberuto. Kama nyumbani na shuleni wanakuita Kifaransa, t ya mwisho haisikiki, usiiandike.

Unaweza kulipima mwenyewe. Litamke polepole na kulikata silabi silabi. Konsonanti iliyobaki peke yake hupewa irabu, isipokuwa n, ambayo ina herufi yake. Sisi Waswahili jambo hili tunalijua: basi letu kwao ni basu. Irabu ya kawaida ni u. Lakini t na d huchukua o, maana safu ya t katika jedwali la herufi husomwa ta, chi, tsu, te, to, na "tu" haimo. Ndiyo sababu Robert wa Kiingereza huwa Robaato. George, kwa j yake ya mwisho, huchukua i: Jooji. L na r huandikwa kwa herufi zilezile, na th ya Elizabeth huwa su: Erizabesu.

Wengi hukosea kwenye kistari ー kinachorefusha irabu. Hicho si pambo, ni sehemu ya jina. Kadi ya ukaazi huandikwa kwa herufi za Kirumi kama pasipoti, lakini benki hupokea fedha kwa jina la katakana. Ukikiandikia chuo アルベル, bila kistari, ilhali akaunti ni アルベール, malipo yanaweza kurudishwa. Kwa hiyo amua kabla ya kufungua akaunti, kisha kila mahali nakili herufi kwa herufi kutoka kwenye kitabu cha benki.

SWALI: Mimi ni Victoria, wa Mwanza. Jina langu nimeliona ビクトリア (Bikutoria) na pia ヴィクトリア (Vikutoria). Kosa ni lipi?

JIBU: Hakuna kosa, dada Victoria. Kijapani hakina v yake, na wengi huitamka b hata wanapoandika ヴ, herufi ya v. Tangazo la serikali la 1991 kuhusu maneno ya kigeni linakubali zote mbili: b kwa matumizi ya kawaida, ヴ kwa anayetaka kuikaribia sauti ya asili. Mwaka 2019 Wizara ya Mambo ya Nje ya Japani iliiacha ヴ katika majina ya nchi, na Cabo Verde sasa huandikwa kwa ベ (be). Sisi tungechagua ビクトリア, kwa kuwa karani akikusikia tu ataandika hivyo. Kati ya jina lako na la ukoo weka nukta ya katikati, ・. Fomu ya kompyuta ikiikataa, acha nafasi tupu.