Waulize Mafundi: Datsun 240Z Mbele ya Waamuzi

Safari hii tumezikusanya barua za wenye Datsun 240Z, gari la michezo la Nissan la miaka ya 1970, wanaojiandaa kwa Africa Concours d'Elegance, mashindano ya urembo na utunzaji wa magari yanayoandaliwa na Alfa Romeo Owners Club kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi. Tunawaomba jambo moja kabla ya yote: someni kanuni za mwaka husika na za kundi lenu kabla ya kushika kitambaa. Katika mashindano ya aina hii waamuzi hutazama nje, ndani, injini, buti na chini ya gari. Wenye magari wengi huishia pale penye mng'aro, na pointi zao hupotelea pale wasipoinama.

240Z yangu ya 1972 ni ya rangi ya chungwa. Rangi imefifia, ina mikwaruzo, na chini ya fenda za mbele kumetoka malengelenge. Nimebakiwa na miezi mitatu. Niipake upya yote? — Msomaji, Thika

Hapana. Miezi mitatu haitoshi kupaka gari zima vizuri, inatosha kulipaka vibaya. Bodi fila na praima huendelea kusinyaa wiki kadhaa baada ya kazi, hasa gari likianikwa juani, na alama za msasa zilizofichika huanza kujitokeza taratibu. Gari lililotoka kwa fundi rangi likiwa kama kioo mwezi wa Julai huweza kuonyesha mipaka ya kila kiraka ifikapo Septemba.

Shughulika na malengelenge kwanza. Kutu ya gari hili hutoka ndani kuja nje. Maji yanayoingia kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele hushuka nyuma ya fenda, yakibeba majani na vumbi. Uchafu huo hukaa chini, nyuma ya gurudumu, ukiwa na unyevu mwaka mzima. Fenda za mbele zimefungwa kwa bolti, hazikuchomelewa, kwa hiyo zifungue, zoa uchafu wote, kata bati lililooza na uchomelee jipya. Kupaka rangi juu ya lengelenge ni kulikaribisha tena. Ukiwa hapo hapo, kagua kitako cha betri, vizingiti vya milango, kona ya mbele ya tao la gurudumu la nyuma, na sakafu chini ya mazulia. Kitako cha betri kioshe kwa kijiko kikubwa cha magadi ya kuokea katika nusu lita ya maji. Povu likikoma, asidi imekwisha, suuza na ukaushe kabisa.

Tembeza sumaku iliyofungwa kitambaa chembamba juu ya bodi yote. Inapolegea, chini yake kuna fila. Ukipata kipima unene wa rangi, ni bora zaidi: rangi ya kiwandani huwa kati ya mikroni 80 na 150 hivi, na ikizidi 300 ujue kuna kazi iliyofanywa.

Paka vipande ulivyotengeneza tu. Rangi ya chungwa ya kiwandani ina namba 918, lakini usimwachie mchanganyaji namba peke yake, wala asilinganishe na boneti iliyochomwa na jua. Mpelekee kifuniko kidogo cha mahali pa kujazia mafuta. Upande wake wa ndani jua halijaufikia.

Rangi ya zamani iliyobaki ifufue kwa polishi. Rangi hii haina tabaka la vanishi juu yake, kwa hiyo sifongo ya mashine itageuka rangi ya chungwa. Usishtuke, ni ngozi iliyokufa inatoka. Kingo zote zifunike kwa utepe wa karatasi, kwani hapo rangi ni nyembamba na mashine huila hadi praima kwa sekunde chache. Mkwaruzo usionasa ukucha utafutika kwa msasa wa maji namba 2000, kisha 3000, kisha polishi. Unaonasa ukucha uache ulivyo. Mwamuzi hukata kidogo kwa mkwaruzo wa umri na hukata sana kwa tundu ulilolichimba ukitafuta kuuondoa.

Kifuniko cha valvu nimekisugua mpaka nauona uso wangu. Rafiki yangu anadai nitakatwa pointi. Ni kweli? — Msomaji, Nakuru

Ni kweli, ikiwa kundi lako linahesabu uhalisi. Injini ya gari hili, L24, ilitoka kiwandani na kifuniko cha alumini kisichosuguliwa, chenye maandishi NISSAN 2400 OHC yaliyochomoza, na bloku yake ilipakwa rangi ya buluu. Kromu, hozi za rangi kali na nati za dhahabu zisizo zake ni mapambo ya mwenye gari. Anayejua gari hili huviona kabla hajafika kwenye bampa.

Unaweza kurudisha ule mwonekano wa alumini isiyong'aa kwa kuipuliza na chembe laini za kioo. Lakini sikiliza vizuri hapa. Ndani ya kifuniko hicho kuna bati dogo linalozuia mafuta yasirushwe kwenye bomba la pumzi. Chembe za kioo huingia nyuma yake na hazitoki kwa kusuuza. Injini ikipata moto zinadondoka kwenye mafuta, zinapita kwenye beringi, na injini nzima imekwenda kwa ajili ya kifuniko kimoja. Ama uling'oe bati hilo kwanza na kusafisha nyuma yake, ama utumie dawa ya kuondoa grisi na brashi ya nailoni tu. Sisi tungechagua brashi.

Na kwa kuwa uko kwenye injini: usiilenge kwa mashine ya presha. Maji huingia kwenye distribyuta, kwenye altaneta na kwenye kabureta mbili za Hitachi, halafu asubuhi ya mashindano gari haliwaki. Funga distribyuta kwa mfuko wa plastiki, paka dawa injini ikiwa vuguvugu, sugua kwa mswaki, futa kwa kitambaa chenye maji. Ikiwa ya moto sana, maji baridi huweza kulipasua bomba la chuma cha kusubu linalopokea moshi. Mafuta ya taa husafisha, hatubishi, lakini hozi za mpira huvimba nayo na harufu yake haitoki siku mbili.

Hakikisha pia namba ya injini inasomeka. Imegongwa kwenye bloku, upande wa plagi, chini kidogo ya kichwa cha silinda. Isafishe kwa kitambaa na dawa, kamwe si kwa msasa. Namba iliyosagwa huzua maswali ambayo hutaki kuyajibu mbele ya mtu mwenye kalamu.

Gari linatembea vizuri hapa Mombasa. Mwaka uliopita nilipolifikisha Nairobi lilitoa moshi mweusi na plagi zikawa kama masizi. Fundi mmoja amesema ni pistoni. — Msomaji, Nyali

Usifungue injini bado. Umetoka usawa wa bahari ukapanda hadi mita 1,700 hivi, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 16. Kabureta za aina hii hujirekebisha kidogo kwa pistoni yao inayopanda na kushuka, lakini si kiasi hicho. Petroli inabaki nyingi kwa hewa iliyopo, na masizi hayo ndiyo matokeo. Moshi wa pistoni ni wa kibuluu na unanuka mafuta ya injini.

Anza Mombasa. Angalia kama kila kabureta ina mafuta mepesi, SAE 20, kwenye kidamba chake cha juu, kile kinachotuliza mwendo wa pistoni yake. Kikiwa kikavu, injini husita ukikanyaga ghafla. Pandisha nati ya mchanganyiko iliyo chini ya kila kabureta hadi mwisho, kisha ishushe mizunguko miwili na nusu. Hapo ndipo pa kuanzia. Linganisha uvutaji wa hewa wa kabureta zote mbili kabla ya kugusa mchanganyiko tena. Ukikosa kipimo, weka ncha ya hozi nyembamba sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta, usikilize mpaka mivumo ifanane.

Ukifika Nairobi, injini ikishapata moto, pandisha kila nati pande moja au mbili. Nati ina pande sita, kwa hiyo tunazungumzia sehemu ndogo ya mzunguko. Zizungushe zote mbili sawa, endesha kilomita kumi, toa plagi uzitazame. Unatafuta rangi ya kahawia ya maziwa. Andika idadi ya pande ulizopandisha, maana utazishusha kwa idadi hiyo hiyo kabla ya kurudi pwani. Ukisahau, injini itakosa petroli kwenye hewa nzito, ipate moto kupita kiasi na kuunguza valvu.

Chini ya gari nimepaka lami nyeusi mpya ili papendeze. Inatosha? — Msomaji, Eldoret

Lami nene na mbichi ni ishara ya kuficha, na mwamuzi ataigonga kwa kidole. Ndani ya matao ya magurudumu kinga nyembamba ina nafasi yake. Kwingineko anataka kuona bati, maungo na bolti. Ondoa lami ya sakafuni kwa kikwarua cha plastiki na hita ya kupulizia, ukiwa mbali na bomba la petroli na tangi, tena kizima moto kiwe mkononi.

Kabla ya kulala chini, weka stendi za jeki kwenye sehemu za vizingiti zilizoimarishwa. Inua mbele kupitia mwamba wa katikati unaoshika saspensheni, na nyuma kupitia difu. Usiguse kwa jeki zile reli ndefu mbili za sakafu. Bati lake ni jembamba na hubonyea mara moja, ndiyo maana magari mengi ya aina hii yana reli zilizopondeka. Reli hizo waamuzi huzijua vizuri.

Giaboksi na difu zikivuja, badilisha sili, usifute tu. Matone mapya huonekana baada ya saa moja uwanjani. Ukijaza giaboksi tena tumia mafuta ya daraja la GL-4. GL-5 yaache kwa difu, kwani baadhi ya viambato vyake hula shaba ya sinkroni, zile pete zinazolainisha ubadilishaji wa gia.

Niliinunua ikiwa imepakwa nyekundu na boneti nyeusi kama gari la Safari Rally. Niirudishe ilivyokuwa? — Msomaji, Arusha

Tungesita sana. Historia ya gari hili katika ukanda wetu iko kwenye barabara hizo: Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari ya 1971 kwa 240Z, na Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda ya 1973 baada ya kulingana pointi na Datsun nyingine. Mfano uliotengenezwa kwa heshima una mahali pake, mradi uandikishwe kama mfano na usitangazwe kuwa gari lenyewe.

Kinachoumiza ni mchanganyiko. Namba 11 ya mwaka 1971 mlangoni, taa za miaka ya 1990 mbele na usukani wa juzi ndani havikai pamoja. Chagua mwaka mmoja, tafuta picha zake, fuata picha. Angalia pia bodi yenyewe: 240Z za mwanzo zina matundu ya hewa kwenye mlango wa nyuma, na kuanzia 1971 yakahamia kwenye nguzo za pembeni chini ya nembo ya mviringo yenye herufi Z. Mfano wa gari la mapema wenye nguzo za baadaye hauna kosa la jinai, ila usimwambie mwamuzi kwamba kila kitu ni sahihi.

Ndani kunanuka moshi wa ekzosi hata baada ya kubadilisha ekzosi. — Msomaji, Kampala

Gari likitembea, hewa ya nyuma yake huuvuta moshi ndani. Badilisha mpira wa mlango wa nyuma, gasketi za taa za nyuma na vipira vinavyopitisha waya za taa hizo. Usiku mtu akae ndani akiwa na tochi, mwingine azunguke nje: mwanga unapopita, moshi unapita. Moshi huo ni sumu, kwa hiyo lifanye hili kabla ya usafi wowote.

Asubuhi yenyewe nifanye nini? — Msomaji, Ruiru

Machache. Nta ipakwe siku mbili kabla, na mabaki meupe kwenye maungo yatolewe kwa mswaki mkavu. Ukiipaka uwanjani, jua la saa sita litaonyesha kila mzunguko wa mkono wako. Fika mapema, acha umande ukauke wenyewe. Vumbi jekundu la njiani usilifute kavu, kwani ni msasa. Limwagie maji kwanza, kisha osha kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuza kitambaa.

Toa vijiwe kwenye tairi kwa bisibisi butu. Usizipake mafuta ya kung'arisha: hurukia bodi na huchafua vidole vya mwamuzi. Soma tarakimu nne za tarehe ubavuni, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya zaidi ya miaka kumi, hata ikiwa na meno yote, ibadilishe.

Jaribu honi, waipa na taa zote. Taa kuu za gari hili hupitisha umeme wake wote kwenye swichi na kisanduku cha fyuzi, kwa hiyo gusa kisanduku baada ya dakika tano. Kikiwa cha moto, sehemu zinazogusana zina kutu, zisafishe. Tangi liwe robo tu, buti liwe na spea, jeki na spana zake, na kitambulisho cha gari pamoja na picha za matengenezo viwe kwenye faili moja. Waamuzi wakifika, fungua boneti na milango, kisha sogea pembeni hatua mbili na ujibu unaloulizwa.