Egemeo la shavu limepasuka

SWALI: Nilifunga darubini kwenye bunduki yangu, nikachonga egemeo la shavu la mbao juu ya kitako, ili jicho lifike usawa wa darubini. Sasa linacheza, na limepasuka kwenye matundu ya skrubu. Nitupe?

JIBU: Usitupe. Skrubu zinaminya mbao tupu. Mbao ikibonyea, skrubu hulegea, na kila mshindo hupanua ufa. Hakikisha bunduki haina risasi, kisha toa boliti (kile chuma kinachovutwa nyuma kuingiza risasi). Tundu la milimita 5 lipanue hadi 10, ujaze gundi ya epoksi matunduni na ndani ya ufa, ubane kwa jiliwa, usiguse kwa saa 24. Toboa upya katikati ya epoksi na uweke washa pana (kiduara bapa cha chuma) chini ya kichwa cha skrubu. Upande wa ndani wa egemeo bandika tabaka mbili za kitambaa cha nyuzi za kioo. Hapo ndipo nguvu inapotoka, si kwenye unene wa mbao.

Kimo cha egemeo kipime hivi: fumba macho, laza shavu, fumbua. Ukiona kivuli cheusi chini ya duara la darubini, shavu liko chini mno. Pachika vipande vya milimita 2 chini ya egemeo mpaka kivuli kiishe. Boliti nayo irudi nyuma bila kugusa egemeo.