Gari la Umeme Likigonga "Ko!", Usikimbilie Giaboksi

Juzi msomaji wa Syokimau aliniandikia kwamba gari lake la umeme, Nissan Leaf, linagonga chini kila akiachia pedali kabla ya tuta, na gereji imemwambia atafute giaboksi nyingine. Nilipousoma ujumbe ule damu ilinipanda. Mwaka jana niliambiwa maneno hayohayo.

Yangu ni Leaf yenye betri ya kilowati-saa 40. Ilianza kugonga karibu na Kangemi, nikaipeleka gereji pamoja na mdogo wangu wa kiume, ambaye hata gurudumu hajawahi kubadilisha. Fundi aliiendesha hatua chache, akashuka, akamgeukia yeye: "Boss, giaboksi imekufa." Mimi mwenye gari nilikuwa nimesimama papo hapo, funguo mkononi. Nikalipa shilingi 70,000, giaboksi ya mtumba pamoja na kazi. Pesa hizo nilikuwa nimeziweka za kuezeka nyumba ya mama. Siku ya kulichukua gari, kwenye tuta la kwanza nje ya geti, nikasikia: ko!

Hadi leo nikipita barabara ile naangalia upande mwingine.

Niliamua kujifunza mwenyewe. Ukikanyaga pedali, motor husukuma meno ya gia upande mmoja. Ukiachia, motor hugeuka jenereta na kulishika gari, kwa hiyo meno yanahamia upande wa pili. Ile nafasi yanayoivuka ndiyo mafundi wanaiita pleyi. Kila gari lina pleyi kidogo. Kwenye la petroli ngurumo ya injini huufunika mlio, lakini la umeme liko kimya na nguvu yake huja mara moja, kwa hiyo pleyi ikizidi utaisikia. Ukiwa na e-Pedal (ile swichi inayofanya gari lijifunge breki lenyewe ukiachia pedali), izime uendeshe barabara ileile. Mlio ukipungua makali, unajua unatafuta pleyi.

Sasa sikilizeni, hasa dada zangu, maana hapa ndipo nilipoibiwa. Katika Leaf motor huzunguka takriban mara 8 gurudumu likizunguka mara 1. Maana yake, ulegevu wa digrii 8 kwenye motor hufika kwenye gurudumu ukiwa digrii 1 tu. Ukishika tairi na kukuta linacheza sana, ugonjwa hauko mbali na mkono wako. Anza hapo, mbali na giaboksi.

Jumamosi moja, kwenye ua wetu Ruaka, nililizima gari kabisa, nikaliweka P, nikafunga breki ya mkono na kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Nikainua gurudumu moja la mbele kwa jeki, nikaweka stendi. (Jeki isiguse betri pale chini, na nyaya za rangi ya machungwa usizishike kamwe: mle mna zaidi ya volti 300.) Kwa chaki ya mwanangu nikachora mstari mmoja kuvuka sivi-jointi ya nje (kiungo kinachojikunja karibu na gurudumu) hadi kwenye shafti, yaani chuma kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu, na mwingine kuvuka ile ya ndani, karibu na giaboksi. Kisha nikalitikisa tairi mbele na nyuma polepole.

Gurudumu likienda na shafti ikabaki, ni sivi-jointi ya nje. Shafti ikienda na kikombe cha sivi-jointi ya ndani kikabaki, ni ya ndani. Vyote vikienda pamoja, hapo ndipo uanze kuifikiria giaboksi, na hata hapo linganisha kwanza na upande wa pili, kwa sababu kufuli ya P, iliyo ndani ya giaboksi, nayo ina pleyi yake.

Gurudumu langu la kushoto lilikwenda, shafti ikasimama. Buti, ule mpira unaofunika sivi-jointi, lilikuwa limechanika, grisi imekwisha, ndani mchanga mtupu. Shafti nzima kutoka maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, Nairobi, pamoja na ufundi, haikufika shilingi 15,000. Niliishika tochi mwenyewe fundi akifunga nati.

Kwa hiyo usikubali kuambiwa giaboksi imekufa na mtu ambaye hajagusa tairi lako. Mwambie ainue gari. Mwambie akuonyeshe kinachocheza. Akikataa, ondoka na funguo zako. Mwanamke au mwanamume, pesa ni zako na jasho ni lako.

Kuna milio mingine isiyohitaji pesa nyingi. "Tik" moja unapotoka R kwenda D mara nyingi hutoka pale shafti inapokutana na habu, kile kitovu ambacho gurudumu hufungwa. Gari likijivuta kidogo na kugonga baada ya kuliacha P mteremkoni, hiyo ni kufuli tu. Funga breki ya mkono kwanza.

Leo asubuhi ndugu yangu wa Syokimau amenitumia picha. Mistari ya chaki imenyooka pande zote mbili, kwa hiyo ugonjwa wake si wangu. Nimemwambia akanyage breki kwa nguvu, abadilishe D na R, na mtu asimame pembeni, si mbele ya gari, atazame mauntingi ya motor, yaani vishikio vya mpira vinavyoishikilia. Amejibu kwamba mpira mmoja umepasuka katikati.